Nataka kuchoma madaftari yangu manne

SWALI

Bwana asifiwe, watumishi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mishomoroni hapa Mombasa. Mume wangu alikuwa karani katika bohari moja ya makontena upande wa Changamwe mpaka kazi zikapungua wakaachishwa. Siku hizi anafanya vibarua vya mjengo, wiki hii yupo, wiki ijayo hayupo. Mimi nauza mahamri na mbaazi. Naamka saa tisa usiku kukaanga, saa kumi na mbili niko barazani, na ikifika saa nne asubuhi nimemaliza.

Kuandika nimekupenda tangu shule. Mwaka juzi nilianza kuandika tafakari za Neno kwa ajili ya akina mama wa hali yangu. Naandika usiku watoto wakishalala, kuanzia saa nne hadi saa sita, na stima ikikatika natumia tochi ya simu. Nimejaza madaftari manne.

Miezi mitano iliyopita nilipiga picha kurasa thelathini za daftari nikazituma kwa simu kwa wachapishaji wawili. Mmoja hajajibu mpaka leo. Wa pili alinipigia siku hiyohiyo, akasema kitabu ni kizuri sana, nilipe shilingi 85,000 anichapie nakala 500. Nikafikiria kukopa kwenye chama. Mume wangu akasema karatasi hazileti unga nyumbani. Mzee mmoja wa kanisa akaniambia mbele ya watu kwamba wahubiri wapo, mimi nina elimu gani ya kuandika Neno. Nilipomweleza dada mmoja wa kikundi cha maombi kwamba nina shaka, alisema mwenye imani hana shaka, nikatubu.

Sasa kila nikishika kalamu naona nimejidanganya. Kama Mungu angekuwa ameniita, si hata mlango mmoja ungefunguka? Juzi unga uliisha, watoto wakalala na chai ya rangi. Jirani alikuwa anakaanga samaki, harufu ikaja mpaka kitandani. Mtoto wangu wa mwisho akaniuliza kama kesho ni siku ya kula. Usiku huo niliyatoa madaftari nikayaweka karibu na jiko. Sikuyachoma, lakini bado nataka. Huu hapa ni mwanzo wa tafakari niliyoandika baadaye, mnisomee mniambie ukweli:

"Katika maisha ya sasa yenye changamoto nyingi, sisi kama Wakristo tunapaswa kumtegemea Mungu katika kila jambo maana yeye ni mweza wa yote na hatatuacha kamwe. Siku nyingine tunakosa chakula lakini Mungu ni mwaminifu na kwa wakati wake atafungua milango."

Mama Mahamri, Mishomoroni

JIBU

Dada yetu, madaftari usiyachome. Leo hii piga picha kila ukurasa, uzihifadhi mahali pawili, kwa simu yako na kwa barua pepe yako. Kisha yaweke madaftari ndani ya ndoo yenye mfuniko, juu ya kabati, mbali na jiko. Hewa ya Mombasa ina unyevu, na daftari linaloachwa sakafuni huliwa na wadudu au kuota ukungu kabla mwenyewe hajaamua lolote.

Katika barua yako umefunga mambo matatu kwa kamba moja: nimechoka, maandishi yangu hayafai, Mungu hajaniita. Ukisikia moja unadhani umesikia yote matatu. Yatenganishe, kwa sababu la kwanza linahitaji usingizi, la pili linahitaji kalamu, na la tatu haliwezi kuamuliwa na mtu ambaye hajapata hayo mawili.

Tuanze na uchovu. Unalala saa sita, unaamka saa tisa. Hizo ni saa tatu, na mwili wa mtu mzima unataka saba hivi. Mtu akikaa miaka miwili kwa saa tatu, akili yake humletea hukumu kila usiku: hufai, umejidanganya, acha. Si lazima shetani ahusike hapo, na si lazima utubu. Msome Eliya katika 1 Wafalme 19. Amekaa chini ya mti wa mretemu, ameomba afe. Mungu hakumwuliza habari za imani yake wala za wito wake. Alimtumia mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Malaika akamwamsha mara ya pili, akala tena. Safari ya siku arobaini ilifuata, na swali "Unafanya nini hapa, Eliya?" aliulizwa akiwa ameshafika Horebu. Chakula kwanza, usingizi, halafu mazungumzo. Utaratibu huo uliwekwa na Mungu mwenyewe, nawe usione haya kuufuata.

Kwa hiyo kuandika usiku kukome. Saa tatu usiku uwe umelala pamoja na watoto. Hata hapo utapata saa sita tu, kwa hiyo adhuhuri jinyoshe dakika ishirini. Muda wa kuandika uhamishie saa nne na nusu hadi saa tano asubuhi, biashara ikiwa imekwisha, kabla hujaanza kuosha masufuria. Nusu saa, siku nne kwa wiki, basi. Utaona ni kidogo, lakini nusu saa ya mtu aliyelala inatoa maneno 150 hadi 200 yanayofaa, na saa mbili za mtu anayesinzia hutoa kurasa tatu za kufutwa.

Kuna jambo moja hapa hatutalipita. Kama umekosa usingizi hata unapopata nafasi ya kulala, hamu ya chakula imekwisha, kila kitu kimekuwa kizito na hali hiyo imepita wiki mbili mfululizo, huo huenda ni ugonjwa wa sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, na una matibabu. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, useme wazi unachohisi, watakuelekeza. Na kama wazo la kufa limekujia hata mara moja, usisubiri wiki mbili. Mwambie mumeo siku hiyohiyo, au upige 1199, laini ya Msalaba Mwekundu wa Kenya isiyolipishwa. Maombi yaendelee sambamba na daktari.

Sasa maandishi. Ulitaka ukweli. Ile tafakari uliyotutumia ni dhaifu, na barua uliyotuandikia ina nguvu, na zote mbili zimetoka mkono mmoja. Hebu ona. Katika barua kuna chai ya rangi, kuna harufu ya samaki wa jirani inayofika kitandani, kuna mtoto anayeuliza kama kesho ni siku ya kula. Katika tafakari vyote hivyo vimegeuka kuwa "siku nyingine tunakosa chakula". Ulipoanza kuandika Neno ulivaa sauti ya mimbari, ukayaacha mlangoni yale uliyoyaona kwa macho yako. Mama wa Likoni aliyelaza watoto na njaa akisoma "katika maisha ya sasa yenye changamoto nyingi" hajui kama unamjua. Akisoma swali la mtoto wako, anajua.

Kosa la pili ni kasi. Umesema "tunakosa chakula lakini Mungu ni mwaminifu" ndani ya sentensi moja. Hiyo "lakini" imekuja mapema mno. Ni kweli Mungu ni mwaminifu, ila msomaji mwenye njaa anahitaji kukaa kidogo na wewe kwenye hiyo njaa kabla hujamwinua. Zaburi ya 13 ina aya sita tu na inaonyesha kipimo. Aya ya 1 na ya 2 ni malalamiko, "hata lini" imetajwa mara nne. Aya ya 3 na ya 4 ni ombi. Tumaini linaingia aya ya 5. Theluthi nzima ya zaburi imepita Daudi akilalamika mbele za Mungu, na Mungu akaruhusu ikae ndani ya Biblia. Zaburi ya 88 nayo inaishia gizani kabisa, haina aya ya furaha mwishoni. Nayo tunaisoma kanisani.

Chukua maneno yako mwenyewe, bila kuongeza hata moja, uanze hivi:

"Juzi unga uliisha, watoto wakalala na chai ya rangi. Jirani alikuwa anakaanga samaki, harufu ikaja mpaka kitandani. Mtoto wangu wa mwisho akaniuliza kama kesho ni siku ya kula."

Hapo simama. Aya inayofuata iwe Zaburi 13:1, halafu useme ulimjibu nini mtoto. Hukutuambia ulimjibu nini, nasi tulitaka sana kujua. Jibu hilo, hata kama lilikuwa kimya, ndilo moyo wa tafakari yako.

Tafakari inayosomeka kwa kituo kimoja cha matatu ni maneno 350 hivi. Yagawe: maneno 80 hadi 100 kwa jambo ulilolishuhudia, 120 kwa andiko na mazingira yake, 100 kwa kuunganisha hayo mawili, na yanayobaki yawe sala fupi. Andiko liwe moja. Wengi hubandika mistari minne mitano wakidhani wameongeza uzito, kumbe msomaji ameruka yote. Ukimaliza, soma kwa sauti. Utakapokosa pumzi, sentensi hiyo ni ndefu, ikate. Utakaposikia "sisi kama Wakristo tunapaswa", futa, uandike "mimi". Halafu ijaribu bila aya ya kwanza. Mara nyingi aya ya kwanza ni mwandishi anajipasha moto tu, na tafakari yenyewe inaanzia aya ya pili.

Na tafakari usiisahihishe siku uliyoiandika. Wewe unajua unga wa mahamri ukikandwa tu ukatiwa kwenye mafuta hautumuki, unatoka mgumu. Uache ulale. Tafakari nayo ilaze siku tatu, ukirudi utaona mwenyewe palipovimba bure.

Wasomaji wa kukupima uwatafute watatu, wasiwe wa kikundi cha maombi peke yake. Mmoja awe mteja wako wa asubuhi, mmoja kijana wa shule ya upili, mmoja mtu anayesoma vitabu. Usiwaulize "ni nzuri?" maana utajibiwa "barikiwa sana" na hutajua lolote. Waulize mambo matatu: ulichoka wapi, ulielewa nini, na ni sentensi gani bado unaikumbuka. Wawili wakichoka mahali pamoja, hapo pana tatizo. Akichoka mmoja, pima mwenyewe.

Kuhusu mzee wa kanisa. Kukuuliza mbele ya watu hakukuwa na upendo, na swali lenyewe la elimu Biblia imeshalijibu. Amosi alikuwa mchungaji wa wanyama na mtunza mikuyu. Waraka kwa Warumi uliandikwa kwa mkono wa Tertio, ambaye tunamjua kwa aya moja tu ya salamu, Warumi 16:22. Lakini ndani ya maneno ya mzee kuna jambo la kweli usilitupe pamoja na aibu uliyopata: anayeandika Neno ana wajibu wa kulisoma vizuri. Luka anasema mwanzoni mwa Injili yake kwamba alifuatilia mambo yote kwa usahihi tangu mwanzo kabla ya kuyapanga. Kwa hiyo weka sheria. Mstari wowote unaotaka kuutumia, soma sura yake nzima kwanza, na ujue nani anasema, anamwambia nani, wakiwa katika hali gani. Mfano ni Yeremia 29:11, mstari wa mawazo ya amani unaoandikwa kwenye kalenda na kadi za harusi. Ni sehemu ya barua kwa watu waliotekwa Babeli, na mstari wa 10, mmoja tu juu yake, unasema miaka 70. Waliambiwa wajenge nyumba hukohuko, wapande bustani, waozeshe watoto. Tafakari inayotaja 11 ikaficha 10 inamwahidi msomaji wiki ijayo kitu ambacho Mungu alikisema kwa kizazi kizima. Ukiandika yote mawili, mama aliyesubiri miaka atakuamini. Kisha mpelekee mchungaji tafakari tano zilizokamilika akague mafundisho. Aliyekaguliwa na mchungaji wake hana la kumwogopa mzee.

Yule dada wa maombi alikuumiza bila kukusudia. Katika Marko 9:24 baba wa mtoto mgonjwa alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Imani na shaka katika pumzi moja, na Yesu hakumrudisha nyumbani ajipange. Alimponya mtoto. Huna haja ya kutubia shaka uliyoipeleka kwa Mungu.

Tumefika kwenye mlango ambao haukufunguka. Hapa tunakuomba ufungue Yeremia 36, kisha 45. Baruku mwana wa Neria ndiye aliyekuwa akiandika maneno ya Yeremia kwa wino. Kazi yote, hati nzima kwa mkono, ikasomwa mbele ya mfalme Yehoyakimu siku ya baridi, na kila safu tatu nne zikisomwa mfalme anazikata kwa kisu na kuzitupa motoni mpaka hati ikaisha. Mlango haukufungwa tu, kazi ilikuwa majivu. Wito haukubadilika: wakachukua hati nyingine, wakaandika upya, na maneno mengi yakaongezwa. Unaona pia kwamba aliyechoma ni mfalme aliyeikataa kazi. Mwandishi hakuichoma.

Sura ya 45 ina aya tano, nayo ni jibu la Mungu kwa mwandishi aliyechoka. Baruku analalamika kwamba Bwana ameongeza huzuni juu ya maumivu yake, amechoka kwa kuugua, haoni raha. Mungu hamwambii jikaze. Wala hamwahidi kwamba kitabu kitapokelewa. Anamuuliza kama anajitafutia mambo makuu, anamwambia asiyatafute, na anamwahidi uhai wake popote atakapokwenda. Soma hapo polepole, dada. Inawezekana ulichokiita wito ni vitu viwili: kuwaandikia akina mama wa hali yako, na kuwa na kitabu chenye jina lako dukani. La kwanza unaweza kulifanya kesho asubuhi. La pili huenda likaja, huenda lisije, na halipimi la kwanza.

Mji wako mwenyewe una ushahidi wa hili. Mmisionari Johann Ludwig Krapf aliingia Mombasa mwaka 1844. Mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga, kaburi liko ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Mwaka huohuo alikuwa ameanza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliondoka pwani mwaka 1853 afya ikiwa imemshinda, akafa 1881. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapwa 1882. Mtu angepima wito wake kwa milango iliyofunguka mwaka wa kwanza, angesema amekosea njia.

Sasa pesa, na hapa tutakuwa wakali kwa sababu ya watoto. Usikope kwenye chama. Shilingi 85,000 kwa nakala 500 ni shilingi 170 kwa nakala kabla ya usafiri. Ukiuza kwa 250, unahitaji kuuza nakala 340 ndipo urudishe mtaji tu, bila riba ya chama. Waandike kwa majina watu 340 watakaonunua. Ukifika hamsini ukakwama, nakala zilizobaki zitakaa chini ya kitanda zikiota ukungu, na deni litaulizwa kila mkutano. Mchapishaji anayebeba hasara yake mwenyewe hamtozi mwandishi. Yeye humlipa mrabaha, yaani fungu la mauzo ya kitabu, kwa kawaida karibu asilimia 10, na huchukua muda kusoma kabla ya kusifu. Aliyekusifu siku hiyohiyo, kurasa thelathini za picha za daftari, alikuwa akiuza huduma ya uchapaji. Si haramu kuiuza, ila usiihesabu kuwa ni mlango wa Mungu kwa sababu umefunguka haraka.

Anza na kijitabu cha kurasa 32. Pitia madaftari kwa penseli, tia alama mahali ulipoandika kitu ulichokiona au kukisikia mwenyewe, uchague tafakari 14 tu. Kila moja kurasa mbili, hizo ni 28. Zinabaki nne: jina la kijitabu, ukurasa wa jina lako na mwaka, yaliyomo, na ukurasa wa mwisho wa sala. Andika kwa simu kwenye Google Docs, ni bure. Kibodi ya Gboard inasikia Kiswahili, unaweza kusoma daftari kwa sauti ikaandika, ingawa haiweki nukta na hukosea majina ya Biblia, kwa hiyo pitia kila mstari.

Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati ina kurasa nne, kwa hiyo kijitabu kimoja ni karatasi nane. Nakala 30 ni karatasi 240, chini ya nusu ya rimu moja ya karatasi 500, pamoja na karatasi nzito 30 za jalada. Mwambie kijana wa saiba achague mpangilio wa kijitabu kwenye printa, na pande mbili zigeuzwe kwa ukingo mfupi. Asipofanya hivyo, kila upande wa nyuma utatoka umepinduka kichwa chini. Mwambie atoe moja kwanza. Ukiikunja, ukurasa wa 1 na wa 32 lazima viwe upande mmoja wa karatasi ileile, na 2 na 31 nyuma yake. Hapo ndipo makosa hutokea, kwa hiyo usilipie 30 kabla hujaikagua ile moja. Nyingine zitolewe kwa fotokopi, ni nafuu kuliko printa, kisha zipigwe pini mbili katikati kwa stepla ya mkono mrefu. Tuseme kila upande ni shilingi 3: pande 16 ni 48, jalada na pini 30, jumla 78. Ukiuza kwa 120, nakala 20 zinarudisha pesa zote. Bei za saiba yako ziweke mahali pa hizi zetu, upige hesabu upya. Mistari ya Biblia taja tafsiri uliyoitumia, na usome masharti ya kunukuu kwenye kurasa za mwanzo za Biblia yako.

Pesa hizo ziwe na kopo lake, zisitoke kwenye unga hata siku moja. Hili ndilo la kuongea na mumeo. Kaa naye siku ambayo hajarudi kutoka mjengoni bila kazi, umwonyeshe hesabu kwenye karatasi, umwambie muda umehama kutoka usiku hadi saa nne na nusu asubuhi. Neno lake la unga halikuwa dharau. Ni baba aliyepoteza mshahara, na anaogopa mkopo. Akiona hakuna mkopo, na mkewe analala, mazungumzo yatakuwa mengine. Maduka ya vitabu yaache kwanza. Mwombe mchungaji dakika mbili za matangazo Jumapili moja, na nakala chache uziweke karibu na karai la mahamri.

Haki ya maandishi ni yako tangu ulipoyaandika. Sheria ya Kenya inailinda maisha yako yote na miaka 50 baada yake, na ukitaka cheti, Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, husajili kazi kwa mtandao. ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, inayotolewa hapa Kenya na Huduma ya Maktaba ya Taifa, utaihitaji ukifika kwenye kitabu cha dukani. Kijitabu cha kanisani kinaweza kwenda bila hiyo.

Wale wachapishaji wawili uwajibu wiki hii. Yule wa 85,000 mwandikie ujumbe mfupi: "Asante kwa kusoma. Sitachapisha kwa kulipia. Naomba kurasa zangu zisitumike bila idhini yangu ya maandishi." Uuhifadhi. Yule aliyenyamaza usimhesabu kuwa amekukataa. Wachapishaji wengi wa Kenya huishi kwa vitabu vya shule, miswada mingine hungoja, na picha za daftari hakuna mhariri anayeweza kuzifanyia kazi. Mtumie barua pepe mpya yenye mistari mitano: wewe ni nani na unawaandikia nani, jina la mswada, idadi ya maneno, tafakari ngapi zimekamilika, na shukrani. Ambatisha tafakari mbili zilizochapwa. Ya kwanza iwe ile ya chai ya rangi, ukishaandika ulimjibu nini mtoto. Baada ya miezi mitatu ukumbushe mara moja tu, kwa adabu, halafu umtafute mwingine.